Je, Mungu Hutetewa kwa Uongo?

Soma kwa ajili ya somo hili: Ayubu 13:1–12, Ayubu 22:5–9, Ayubu 42:7, Kutoka 20:16, Mithali 18:13, 17, Danieli 1:3–20, Waebrania 11:3.

Mkoani Arusha, ndani ya eneo la hifadhi la Ngorongoro, kusini mwa Bonde la Olduvai, kuna mahali panapoitwa Laetoli. Mwaka 1976 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi huko pamoja na Mary Leakey walikuwa wakitaniana kwa kurushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, alianguka akikwepa, na pale chini akaona alama za nyayo za wanyama zimebaki katika mwamba. Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, zilipatikana nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili. Njia yao ina urefu wa karibu mita 27 na nyayo zipatazo 70. Kidole gumba kimeelekea mbele, kisigino kimekanyaga kwanza, kama mtu anavyotembea.

Nyayo hizo zilihifadhiwa kwa sababu volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, viumbe wakapita juu yake, kisha majivu yakakauka yakawa magumu kama saruji na kufunikwa na majivu mengine. Katika mwamba huo matone ya mvua nayo yameacha vishimo vidogo. Wanasayansi wanakadiria kwamba jambo hilo lilitokea miaka milioni 3.66 iliyopita. Wengi wao wanasema waliopita pale ni viumbe wanaowaita Australopithecus afarensis, ambao kwao ni jamii iliyomtangulia mwanadamu.

Laetoli si nchi ya mbali kwa mkazi wa Sokon I. Yeye mwenyewe anaishi chini ya Mlima Meru, volkano yenye urefu wa zaidi ya mita 4,500 ambayo ilitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Mjini, katika Boma la zamani la Wajerumani, kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe. Watoto wa Shule ya Sabato hupelekwa huko na shule zao za wiki, na wakiwa sekondari hukutana na mada ya mageuko ya viumbe katika somo la Baiolojia. Kisha siku ya Sabato wanakaa darasani, wanafungua Mwanzo 1, na wanauliza swali ambalo mwalimu alijua litakuja.

Somo hili halina lengo la kumaliza mjadala wote wa sayansi na Maandiko. Linashughulikia swali moja la maadili lililomo ndani ya mjadala huo: je, mtu anayeamini jambo la kweli anaruhusiwa kulitetea kwa hoja asiyojua kama ni ya kweli, au anayojua si ya kweli?

Marafiki wa Ayubu

Marafiki wa Ayubu walikuwa na fundisho ambalo kwa sehemu kubwa ni sahihi. Mungu ni wa haki, na uovu una malipo yake. Lakini walipomkuta Ayubu ameketi majivuni, mambo waliyoyaona kwa macho yao hayakuingia katika fundisho lao. Wangeweza kusema, "Hatuelewi." Badala yake walibadili ushahidi ili ulingane na fundisho. Katika Ayubu 22:5–9 Elifazi anamtungia Ayubu orodha ya dhambi: kwamba aliwanyima maji wenye kiu, aliwanyima chakula wenye njaa, na aliwafukuza wajane mikono mitupu. Hakuwa na shahidi hata mmoja. Alihitaji dhambi hizo ziwepo, basi akazisema.

Katika Ayubu 13:7–10 Ayubu anawauliza kama kweli wanakusudia kumsemea Mungu kwa hila na kumfanyia upendeleo kama mtu anayependelewa mahakamani. Anawaonya kwamba Mungu akiwachunguza, hatafurahishwa nao. Na ndivyo ilivyokuwa. Katika Ayubu 42:7 Bwana anamkasirikia Elifazi na rafiki zake wawili. Tuzingatie kwamba watu hao walikuwa wamejipanga upande wa Mungu. Walisema mengi mazuri juu yake, lakini Mungu hakupokea utetezi ule.

Amri ya tisa, Kutoka 20:16, inakataza kumshuhudia jirani uongo. Haitoi ruhusa kwa shahidi anayedanganya kwa ajili ya upande ulio sahihi. Mahakamani, shahidi wa uongo huweza kuharibu hata kesi ya mtu asiye na hatia, kwa sababu uongo wake ukifichuliwa, hakimu hamwamini tena, na wale walio upande wake hutiliwa shaka pia.

Ushahidi wa uongo juu ya mawe

Katika mazungumzo ya waumini kuna majibu matatu ambayo husikika mara nyingi visukuku vinapotajwa. Visukuku ni mabaki au alama za viumbe vya kale zilizohifadhiwa katika mwamba.

Jibu la kwanza husema kwamba mifupa hiyo imetengenezwa na wanasayansi. Ni kweli kwamba udanganyifu umewahi kutokea. Mwaka 1912 ilitangazwa huko Uingereza kwamba limepatikana fuvu la mtu wa kale katika sehemu iitwayo Piltdown. Mwaka 1953 ilithibitishwa kwamba mtu fulani alichukua fuvu la binadamu na taya la sokwe aitwaye orangutani, akavipaka rangi na kuvifukia pamoja. Mhubiri anayetaja habari hii huishia hapo. Anapaswa pia kusema ni nani waliofichua udanganyifu huo: ni wanasayansi wenyewe, kwa vipimo vyao wenyewe. Kusema nusu ya habari ili msikilizaji aamini kinyume cha habari nzima ni kushuhudia uongo.

Olduvai nayo ina mfano wake. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck alichimbua mifupa ya mtu katika tabaka la kale sana la bonde hilo, akaamini kwamba mtu huyo ana umri sawa na tabaka lile. Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903 kwa wazazi wamisionari, alikubaliana naye alipofika Olduvai mwaka 1931. Uchunguzi zaidi ulionyesha kwamba mtu huyo alizikwa kwa kuchimbiwa ndani ya tabaka hilo baadaye sana. Mwaka 1933 Reck na Leakey waliikubali hoja hiyo hadharani. Muumini anaweza kuitumia habari hii kuonyesha kwamba wanasayansi hukosea. Akiwa mwaminifu ataongeza kwamba walikubali kusahihishwa, na atajiuliza kama yeye naye husahihishwa kwa urahisi namna hiyo.

Jibu la pili husema kwamba Shetani ameificha mifupa hiyo ardhini ili kuwapotosha watu. Hakuna fungu la Biblia linalosema hivyo. Zaidi ya hayo, jibu hilo linamwondolea Muumbaji dunia yake. Zaburi 19:1 na Warumi 1:20 zinafundisha kwamba vitu vilivyoumbwa vinamshuhudia Mungu. Mtu akisema kwamba ardhi imejazwa ushahidi bandia, hatakuwa na sababu ya kuamini kwamba mbingu nazo hazikujazwa hivyo hivyo.

Jibu la tatu husema kwamba umri wa miamba ni wa kubahatisha tu. Hapa ni vema kujua kipimo chenyewe kinavyofanya kazi kabla ya kukihukumu, kama Mithali 18:13 inavyoonya juu ya anayejibu kabla hajasikia. Mwamba wa volkano una madini yenye potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni, kwa kasi ambayo imepimwa maabara: nusu yake huchukua takriban miaka bilioni 1.25 kugeuka. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi hutoka. Ukipoa, gesi inayozaliwa hunaswa ndani. Kwa kupima kiasi cha gesi, mtaalamu hukadiria muda uliopita tangu mwamba ulipopoa. Mwaka 1961 njia hiyo ilitumika Olduvai, kwenye tabaka la fuvu ambalo Mary Leakey alilipata tarehe 17 Julai 1959, na jibu lilikuwa takriban miaka milioni 1.75. Njia nyingine, kama vile kusoma mabadiliko ya usumaku wa dunia yaliyobaki katika miamba, hutumika kulinganisha majibu.

Je, muumini analazimika kukubali maelezo yote yanayojengwa juu ya namba hizo? Hapana. Lakini hawezi kusema kwamba wataalamu wamefumba macho na kutaja namba iliyowajia. Hilo si kweli, na mtoto wake atakayesoma Fizikia atalijua.

Nyayo za Texas

Kanisa lenyewe lina mfano mzuri wa uaminifu katika jambo hili, na mfano huo nao unahusu nyayo. Huko Texas, Marekani, karibu na mji wa Glen Rose, kuna Mto Paluxy ambao chini yake kuna nyayo za dinosaria. Kwa miaka mingi watu walidai kwamba kando ya nyayo hizo kuna nyayo za wanadamu wakubwa. Wakati wa shida ya uchumi ya miaka ya 1930 baadhi ya wenyeji walichonga nyayo kama hizo katika mawe na kuwauzia wageni. Mwaka 1972 ilitoka filamu ya Kikristo iliyozitangaza nyayo za Paluxy kuwa ushahidi dhidi ya mageuko.

Kwa mtu anayeamini uumbaji, habari hiyo ilikuwa tamu. Kama mwanadamu na dinosaria walitembea pamoja katika tope moja, hoja kubwa ya wanasayansi ingeanguka. Mwadventista aliyehitaji silaha angeichukua bila kuuliza.

Waadventista walikuwa na Taasisi ya Utafiti wa Sayansi ya Miamba iliyoanzishwa mwaka 1958 ili kuchunguza mambo ya sayansi na uumbaji. Berney Neufeld, mwanasayansi wa Loma Linda, alizichunguza nyayo za Paluxy, na mwaka 1975 jarida la taasisi hiyo lilichapisha maoni yake: alama hizo hazikuwa ushahidi mzuri wa nyayo za wanadamu. Nyingine zilikuwa za kuchongwa, na nyingine zilikuwa alama za dinosaria au mmomonyoko wa maji. Mwaka 1986 filamu ile nayo iliondolewa na waliokuwa wakiisambaza.

Mwanasayansi huyo aliamini uumbaji, na taasisi iliyochapisha maoni yake ilikuwa ya kanisa. Hoja aliyoikataa ilikuwa inausaidia upande wake. Mithali 18:17 inasema kwa maana kwamba anayejieleza kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumchunguza. Yeye hakungoja mpinzani aje. Aliichunguza kesi yake mwenyewe.

Ugumu usiofichwa

Waadventista wanakiri kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi kwa siku sita halisi. Ungamo hilo, lililofanyiwa marekebisho ya maneno katika mkutano mkuu wa San Antonio mwaka 2015, linasema pia kwamba uumbaji huo ni wa wakati usio wa mbali. Wanasayansi walio wengi wanasema uhai umekuwapo duniani kwa mabilioni ya miaka. Maneno haya mawili hayalingani, na mwalimu wa Shule ya Sabato hana haja ya kuliambia darasa kwamba yanakaribia kulingana. Wapo Waadventista wasomi wanaofanya kazi usiku na mchana katika maswali haya, nao hukiri kwamba umri wa miamba ni miongoni mwa maswali magumu zaidi waliyo nayo.

Waebrania 11:3 inaweka imani katika uumbaji mahali pake: ni kwa imani tunafahamu. Mtu akidai kwamba ana uthibitisho wa maabara unaofunga mdomo wa kila mwanasayansi, amelihamisha jambo hilo kutoka mahali Maandiko yalipoliweka. Anayesema, "Ninaamini kwa sababu ninamtegemea yeye aliyesema, na swali hili bado sina jibu lake," amesema kweli mara mbili.

Wapo watakaouliza: je, kuwaambia vijana kwamba ushahidi ni mgumu hakutawadhoofisha? Swali hilo ni la haki na linatoka katika moyo wa mzazi. Fikiria basi kijana wa Sokon I ambaye kwa miaka kumi alifundishwa kanisani kwamba mifupa ya Olduvai ni ya bandia na kwamba wanasayansi hubahatisha. Anafika chuoni. Anashika kwa mkono wake kisukuku halisi na kuona kipimo kinavyofanywa. Siku hiyo hajifunzi jiolojia tu. Anajifunza kwamba watu aliowaamini walimwambia jambo ambalo hawakulichunguza. Ndipo anaanza kuuliza ni mambo gani mengine waliyomwambia kwa namna hiyo: ufufuo, maombi, Sabato. Hoja dhaifu iliyokusudiwa kuilinda imani yake ndiyo inayoivunja. Mwenzake aliyeambiwa mapema kwamba swali lipo na ni gumu hukutana na kisukuku hicho hicho akiwa tayari amekijua kwa jina.

Danieli katika darasa la Baiolojia

Swali jingine huulizwa na wanafunzi wenyewe. Mtihani ukisema, "Eleza ushahidi wa mageuko ya viumbe," Mwadventista akijibu vizuri, je, amemkana Muumbaji?

Danieli na wenzake walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo (Danieli 1:4). Elimu ya Babeli haikuwa hesabu tupu. Ilichanganyika na kusoma nyota na habari za miungu yao. Danieli alikataa chakula cha mfalme, lakini hakukataa darasa. Danieli 1:20 inasema mfalme aliwaona wanafunzi hao bora mara kumi kuliko waganga wake wote. Haiwezekani kuwa bora mara kumi katika elimu usiyoijua. Swali la mtihani linapouliza nadharia inasema nini, jibu la kweli ni kueleza kile ambacho nadharia inasema. Anayeipotosha kwa makusudi ili ionekane ya kijinga amemshuhudia mwenzake uongo.

Mara nyingi upotoshaji huanza kanisani. Husemwa, "Kama mtu ametoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo?" Watu hucheka, lakini nadharia haisemi kwamba nyani walioko leo waligeuka watu. Inasema kwamba wanadamu na nyani wana mababu wa pamoja wa zamani sana. Hakuna anayekana ukoo na binamu yake kwa sababu binamu bado yuko hai. Unaweza kuikataa nadharia hiyo, lakini hoja hiyo haiigusi.

Vilevile si kweli kwamba kila badiliko la viumbe ni uzushi. Vimelea vya malaria vilijenga usugu dhidi ya klorokwini mpaka Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Vile vilivyostahimili dawa vilibaki na kuzaa, na uzao wao ukaenea. Waadventista wanaosoma Baiolojia hulikubali badiliko la namna hiyo bila shida. Wanapotofautiana na wenzao ni katika swali la kama mabadiliko kama hayo yanatosha kueleza chanzo cha aina zote za uhai, akiwemo mwanadamu. Hapo ndipo tofauti ilipo, na ni heri kusimama hapo kuliko kupigana mahali pasipo na vita.

Haki kwa pande zote mbili

Amri ya tisa inamfunga pia anayeshika kisukuku na kusema kwamba kimethibitisha hakuna Mungu. Nyayo za Laetoli zinaeleza uzito ulivyokanyaga, urefu wa hatua na upande wa safari. Mwaka 2016 watafiti wakiwemo Watanzania Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki walitangaza nyayo nyingine, karibu mita 150 kutoka zile za kwanza, na kutokana nazo wakakadiria urefu wa miili ya waliopita. Hicho ni kazi nzuri ya sayansi. Lakini hakuna kipimo cha mguu kinachoweza kuonyesha kama dunia ina Muumbaji au la, wala kama maisha ya mwanadamu yana thamani. Anayedai kwamba kipo, naye amesema zaidi ya alichokiona.

Kwa hiyo Mwadventista anaweza kuingia Makumbusho ya Elimu Viumbe bila woga. Anaweza kusoma maelezo yaliyoandikwa, kumwuliza mwongozaji maswali ya heshima, na kumshukuru. Anaweza kutoka akiwa na maswali zaidi ya aliyoingia nayo, na bado Ijumaa jua linapotua akaipokea Sabato kwa furaha kama kumbukumbu ya Muumbaji. Mungu aliyemuuliza Ayubu alikuwa wapi alipoiweka misingi ya dunia (Ayubu 38:4) anajua watumishi wake hawakuwapo. Hawataki waseme walikuwapo. Anachokitaka kwao ni kwamba wasiseme uongo kwa jina lake.

Maswali ya Kujadili

1. Soma Ayubu 13:7–10 na 42:7. Kwa nini Mungu aliwakasirikia watu waliokuwa wakimtetea? Ni wakati gani kanisa linaweza kufanya kosa hilo hilo?

2. Taja hoja moja dhidi ya mageuko ambayo darasa lako hulisikia mara kwa mara. Ni nani miongoni mwenu amewahi kuichunguza? Mtafanyaje mkigundua kwamba si sahihi, hali tayari mmewafundisha watoto?

3. Kijana anakuja kwako akisema mwalimu wake wa Baiolojia amemwonyesha ushahidi ambao hawezi kuujibu. Maneno yako ya kwanza kwake yatakuwa yapi?

4. Danieli alichora mpaka kwenye chakula, lakini hakuuchora kwenye masomo. Mwanafunzi Mwadventista wa leo auchore wapi?

5. Kuna tofauti gani kati ya kusema "Sijui" kwa imani na kusema "Sijui" kwa uvivu wa kutotaka kujua?